Niuze shamba, au niandike kwamba baba yake amefariki?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani mkoani Singida, ninalea watoto watatu peke yangu tangu baba yao aondoke miaka tisa iliyopita. Binti yangu mkubwa amemaliza kidato cha sita na kupata daraja la pili katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Anataka shahada ya ufamasia katika chuo binafsi cha Dar es Salaam ambacho ada yake ni shilingi 3,400,000 kwa mwaka. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko tayari kununua kwa shilingi 2,500,000 shamba nililorithi kwa marehemu baba yangu. Kijana wa steshenari anayetujazia fomu ya mkopo naye anasema tukiandika kwamba baba amefariki binti atapewa asilimia mia, na cheti cha kifo atakitafuta yeye. Nifanye lipi?" – Mama wa Singida

Marahaba, dada yangu, na hongera. Daraja la pili la PCB katika nyumba ambayo kila kitu hulipwa na cherehani si jambo dogo.

Nianze na shamba, kwa kuwa likishauzwa halirudi. Shahada ya ufamasia husomwa miaka minne, kwa hiyo ada peke yake ni shilingi 13,600,000, kabla binti hajala, hajapata pa kulala wala hajapanda daladala. Fedha yote ya shamba haitimizi hata ada ya mwaka wa kwanza. Itapungua shilingi 900,000. Utakuwa umeuza, na kabla mwaka wa kwanza haujakwisha utakuwa unahangaika kama unavyohangaika leo, isipokuwa wakati huo hutakuwa na alizeti ya kuuza wala mtama wa kuwapikia wale wadogo wawili. Uniwie radhi kwa kuingilia ya ukoo, lakini mtu mwenye milioni mbili na nusu mkononi za kununulia shamba la mke wa kaka yake alipaswa kuulizwa kwanza atamchangia kiasi gani mtoto wa kaka yake. Muulize, tena mbele ya wazee.

Cheti cha kifo usikiguse. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haipokei cheti kwa kukitazama tu. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa kwanza na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cheti cha kutafutwa hukwama hapo, na kughushi ni kosa la jinai ambalo litasomwa kwa jina la binti yako, kwa sababu fomu ni yake, wala si kwa jina la kijana wa steshenari. Tena mtu unayemwandika kuwa amekufa ana ndugu wanaojua alipo, na mmoja wao ndiye huyo anayelitaka shamba.

Hali yako ikielezwa kama ilivyo inajitosheleza. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, ueleze kwamba mzazi mwenzako aliondoka lini na kwamba hatoi matunzo, kisha uombe barua; barua hiyo uipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ili naye athibitishe kwa maandishi. Kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, hilo nalo lionekane. Halafu, kabla binti hajabonyeza kitufe cha kutuma maombi, mpige simu au mfike ofisi ya Bodi iliyoko Dodoma, muulize sehemu ya baba ijazweje kwa mzazi aliye hai ila hayupo. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000, nayo hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wenyewe, si kwa kutumwa kwenye simu ya mtu.

Hapa nakuomba uwe msumbufu wa kupindukia. Mwaka ambao mpwa wangu aliomba mkopo tulikaa mezani usiku, taa ya chemli pembeni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, tukilinganisha karatasi moja baada ya nyingine, ndipo tukaona kwamba jina lake katika cheti cha kuzaliwa lina herufi moja ambayo cheti cha kidato cha nne hakina. Herufi hiyo ilitugharimu wiki mbili za kwenda na kurudi kwa wakili. Usiku uleule tuligundua kuwa mdhamini alikuwa amebandika picha na kusahau kutia saini. Wapo watoto wa maskini kabisa wanaokosa mkopo kwa saini ya namna hiyo.

Mkopo ukipatikana, tambueni una mafungu. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, na huingia kwa awamu katika akaunti ya mwanafunzi. Sehemu ya ada huenda chuoni, na kiasi chake hutegemea uhitaji, hivyo pengo linaweza kubaki. Katika chuo cha shilingi 3,400,000 pengo hilo linaweza kuwa kubwa kuliko kipato chako cha miezi mingi. Ndiyo maana ningependa binti aombe pia vyuo vya umma, baada ya kusoma katika kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, sifa za kila programu. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, atathibitisha kimoja tu kwa msimbo maalumu atakaotumiwa kwenye simu, kwa hiyo hamlazimiki kuamua leo. Na kama ni dawa anazozipenda kweli, ipo stashahada ya famasia ya miaka mitatu katika vyuo vya kati, ambayo humwezesha kuajiriwa na baadaye kuomba shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za afya. Najua kwa msichana wa umri wake neno "stashahada" linaweza kusikika kama kushindwa. Mkalishe, mpe kalamu, hesabu ile ya 13,600,000 aifanye yeye mwenyewe.

Kuhusu deni, binti akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyowatesa wengi, iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani. Kiasi kitakachopangwa kikiwa kidogo mno, subirini dirisha la rufaa na mtume vielelezo ambavyo havikuwamo mwanzoni.

Yule kijana wa steshenari mlipe kazi ya kuchapa na kuskani tu, na nywila ya akaunti ya binti aibadilishe jioni hii.