Ukitaka kujua mkulima ana mawazo, kaangalie shamba lake

Mwaka 2017 nilikuwa na gunia 31 za mbaazi sebuleni. Stoo ilijaa mahindi kwa hiyo tukasogeza makochi, wageni wakija wanakaa wameegemea magunia, mwanzoni tulikuwa tunacheka tu.

Huku Babati mbaazi tunapanda pamoja na mahindi, ukishavuna mahindi, mbaazi inabaki shambani mpaka mwezi wa nane, wa tisa huko. Mahindi ni chakula, mbaazi ndio hela yenyewe. Ada, bati, mahari, pikipiki, vyote vinatoka kwenye mbaazi. Sasa msimu wa nyuma watu walikuwa wameuza vizuri, kilo elfu mbili na kitu, mi nikaona nimezubaa, nikakodi ekari nne za ziada, nikakopa kikoba, haikutosha nikakopa tena kwa jamaa mmoja wa riba, na mke wangu nikamwambia deni moja tu, lile lingine nikanyamaza nikasema nitalilipa kimya kimya nikiuza.

Agosti 2017 India ikaweka kikomo, mbaazi kutoka nje mwisho tani 200,000 kwa mwaka. India ndio mlaji wetu, mbaazi yote hii tunayolima huku kwa sehemu kubwa inaenda kuwa mchuzi wao. Ila sisi kijijini nani alikuwa anafuatilia habari za India? Tulichoona ni madalali hawapokei simu. Bei ikaporomoka mpaka mia mbili, kuna waliouza mia na hamsini, yaani gunia la kilo mia unapata elfu kumi na tano, toa vibarua, toa mfuko, toa usafiri, unabaki na hela ya chumvi. Nikasema siuzi, nasubiri. India walikuja kufungua tena mlango 2021, we fikiria mimi nilikuwa nasubiri wiki mbili.

Sitaki kuelezea sana habari za bei, nimezitaja ili ujue kwamba mtu hakuwa mvivu wala mlevi wala hajarogwa. Alifanya hesabu kama watu wazima wanavyofanya, halafu hesabu ikavurugwa na watu ambao hata hawajui Babati iko wapi.

Kilichofuata kwangu hakikuja kama huzuni, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanasubiri kuona mtu analia. Mi sikulia hata siku moja. Nilikuwa naamka saa nane usiku na usingizi haurudi. Kichwa kizito, mgongo unauma, chakula kama majani. Nilienda zahanati mara mbili, nikapimwa malaria mara mbili, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Simlaumu sana yule daktari maana nilimwambia kichwa, sikumwambia kwamba silali wiki ya tatu sasa na kwamba nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje ya nyumba nadhani ni yule jamaa wa riba naingia chumbani. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndio huo, ukienda zahanati usiishie kwenye kichwa na mgongo. Sema usingizi. Sema chakula. Sema umeacha kufanya nini. Kama pale hawana mtu wa afya ya akili omba rufaa hospitali ya wilaya, na sio kwamba ukitaja akili basi safari ya Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, imeiva, najua ndio utani wetu huo, mtu akiongea peke yake kidogo tunamwambia Mirembe Dodoma wanakutafuta, na utani huo umewafanya watu kibao wafe na siri. Ukipewa vidonge vya sonona, ule ugonjwa wa mawazo mazito, usivitegemee kama panado, vinaweza kuchukua wiki kadhaa ndio uone tofauti, wengi wanaacha siku ya tano wanasema havifanyi kazi.

Sasa aliyegundua mimi siko sawa sio daktari, sio mchungaji, wala sio ndugu zangu. Ni mzee jirani ambaye shamba lake limepakana na langu. Mwezi wa kumi na moja mawingu yameshaanza kujikusanya, wenzangu wote wameshasafisha mashamba, langu mabua yamesimama vilevile. Asubuhi nikamuona amesimama uani na panga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema nimekuja tukate yale mabua yako, yananitia panya shambani kwangu.

Basi. Hakuuliza una nini kijana. Nadhani angeuliza ningejibu mzima tu mzee, na stori ingeishia hapo, maana sisi hata ukiwa unazama unajibu nzima.

Tumekata siku mbili hatuongei kitu zaidi ya panya na mvua. Siku ya tatu tumekaa kivulini anakunywa uji, bila hata kuniangalia akasema, "Unadaiwa ngapi?" Nikataja ya kikoba. Akanyamaza. Akasema, "Na nyingine?" Nikataja. Sijui nilikuwa nimeishikilia kwa muda gani ile namba ila nilipoitaja mikono ilianza kutetemeka mpaka nikaweka panga chini.

Ndio maana nasema ukitaka kumjua mkulima mwenye mawazo usimwangalie usoni, uso tumefundishwa kuuficha tangu wadogo. Angalia palizi. Angalia banda la kuku kama limefagiwa, ng'ombe anakamuliwa saa ngapi siku hizi, fensi iliyoanguka ina siku ngapi chini. Mtu ambaye hajawahi kukosa kikao cha kikoba akikosa viwili na faini anamtuma mtoto aipeleke, nenda kwake. Na ukienda nenda na kazi ya mikono, nenda na mahindi mkapukuchue wote, mwanaume wa kijijini ukimkalisha kwenye kiti mkatazamana anafunga mdomo, ila mikono ikiwa na shughuli maneno yanatoka yenyewe.

Zimbabwe kuna kitu cha karibu na hicho. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, 2006 alianza na bibi wa mtaani kule Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza watu, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja anamwaga yake. Na wao hawasemi sonona, wanatumia neno lao la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ambayo ndio kabisa haya "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi dalili zao zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonifurahisha ni kwamba bibi hahubiri, anakusikiliza halafu mnachagua tatizo moja, moja tu, mnaanza nalo.

Yule mzee hajawahi kusikia habari za Zimbabwe lakini alifanya hivyohivyo. Tulianza na deni la riba. Tulienda wote, yeye kwa mvi zake, mimi nyuma kama mtoto aliyeiba maembe, akaongea na yule jamaa wakakubaliana riba isimame na mimi nilipe kidogokidogo. Kikoba nilienda mwenyewe, nikakuta nusu ya wanachama wana magunia ndani kama mimi, kila mmoja alikuwa anadhani ni yeye peke yake! Kwa hiyo wewe mwenye kikoba, msimu ukiharibika itisheni kikao kabla ya tarehe ya marejesho na mtu mmoja mwenye nafasi ataje deni lake kwa sauti. Sio kusamehe, vikoba vikisamehe vinakufa, ila kusogeza tarehe kunawezekana.

Kuna jambo nilikuja kulielewa baadaye sana. Siku ileile ya tatu mzee aliniuliza kama nina dawa ya kupulizia imebaki, akasema anaihitaji. Nikampa chupa mbili. Mwakani akanirudishia zikiwa hazijafunguliwa hata kizibo. Nikamuuliza, hukupulizia? Akasema hapana, nilitaka tu zisilale kwako.

Kwa hiyo naomba hili ulichukue kwa uzito. Kama una wasiwasi na mtu, dawa za shamba zitoke kwenye nyumba yake, ziende kwa jirani au ofisini, hata kwa uongo kama wa mzee. Sri Lanka walipopiga marufuku dawa zile kali kabisa, kuanzia miaka ya 80 na kuendelea 90, vifo vya kujiua vilikuja kupungua kwa karibu asilimia 70, na sio kwamba watu waliacha kuwa na shida. Zile dakika mbaya zinapita, mtu akivushwa tu. Na muulize moja kwa moja, unafikiria kujiua? Watu wanaogopa wanasema utampa wazo, hapana, humpi wazo, unampunguzia mzigo. Akikwambia ndiyo usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na mtu wa kukaa naye.

Sheria pia inawanyamazisha watu. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa, kwa hiyo familia inaona bora iseme kala chakula kibaya kuliko kusema ukweli hospitali. Wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi sijui tunasubiri nini.

Pombe sitaongea sana, nilikunywa, gongo inakulaza saa mbili na kukuamsha saa nane ukiwa na deni lilelile na kichwa cha ziada. Maombi nilienda na yalinisaidia, ila mchungaji mzuri ni yule anayekuombea halafu anakuuliza kliniki unaenda lini.

La mwisho ni wake zetu. Tunaongea wanaume wanaume tu wakati mwenzako ndiye anajua kila usiku umelala saa ngapi, na hakuna anayekuja na panga kumsaidia yeye. Zile mbaazi ziliingia wadudu, asubuhi nikiamka naona unga mweupe umemwagika chini ya magunia, kila siku umeongezeka, na ule unga ndio ulikuwa unanimaliza kuliko hata wanaonidai. Baada ya muda nikaona sakafu safi, nikajua dawa ya vumbi niliyoweka imefanya kazi, wadudu wamekufa, nikapata nguvu kidogo.

Juzi juzi hapa, miaka imepita, tunapepeta mbaazi mpya nikamkumbusha mke wangu ile dawa ilivyofanya kazi. Akacheka. Kumbe alikuwa anaamka saa kumi na moja kabla yangu, anafagia gizani, anaenda kumwaga nyuma ya banda.