Anzia Zigi, umalizie Amani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni njia gani ya kutembea kwa miguu katika msitu wa asili mnayoweza kumshauri mtu asiyezoea, na ajiandae vipi?" Jibu langu ni bonde la mto Zigi, Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Ila nina sharti moja: mtu huyo atembee kwa kupanda. Aanzie Zigi chini, amalizie Amani juu. Wengi hufanya kinyume. Gari linawapeleka hadi Amani, kisha wanashuka kwa miguu wakiamini kwamba mteremko hauchoshi.

Mteremko unachosha, tena vibaya. Anayepanda huishiwa pumzi, na pumzi hurudi akikaa dakika tano. Anayeshuka huchoka mapaja na magoti, kwa sababu kila hatua ni ya kujizuia, na misuli iliyochoka namna hiyo hairudi siku hiyo hiyo. Miguu inaanza kutetemeka, kisha mzizi mmoja uliolowa unamaliza kazi. Isitoshe, ukianzia juu, vijito vyenye mawe makubwa unavikuta mwisho wa safari, mchana, huku mawingu yamekwisha kukusanyika juu ya milima. Ukianzia bondeni unavivuka asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu.

Zigi lipo kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, na Amani kwenye mita 900 hivi. Mpando huo wa mita 450 ndio wa kuuhesabu kwanza, kilomita baadaye. Kanuni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, inatoa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Weka kilomita 9 kwenye hesabu: saa 1 na dakika 48 za mwendo, ongeza dakika 45 za mpando, jumla saa 2 na dakika 33. Lakini hiyo ni hesabu ya vilima vya wazi vya Uskoti. Kwenye matope, mizizi na majani yaliyooza, zidisha kwa moja na nusu wakati wa kiangazi, upate karibu saa 4. Masika zidisha kwa mbili, upate saa 5 na kidogo. Bado hujaweka muda wa kula, kupiga picha na kumtazama kinyonga.

Kwa hiyo ondoka Zigi saa 1 asubuhi, saa 2 ikichelewa sana. Jua huku huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi hivi jioni, kutegemea mwezi, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia, na saa 11 na nusu mtu haoni vizuri anapokanyaga. Jiwekee saa ya kugeuka kabla hujaanza kutembea, na uitaje kwa sauti mbele ya wenzako. Mimi ningesema saa 7 mchana: kama hujafika nusu ya njia, geuka. Saa iliyopangwa njiani, mtu akiwa amechoka na anatamani kufika, kila mara husogezwa mbele.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina hekta 8,380, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtandao wa simu bondeni hauaminiki, basi maliza mambo ya simu na pesa ukiwa Muheza mjini. Hapo hapo ulizia stendi kuhusu gari la kupanda, kwa sababu barabara ni ya udongo na mvua ikinyesha ratiba hubadilika. Kituo cha kupokea wageni pale Zigi ni jengo la stesheni ya Wajerumani; reli yao nyembamba kutoka Tengeni iliishia hapo, ikibeba mbao za mlimani.

Chukua mwongozaji, na si kwa sababu ya wanyama wakali. Hatari ya hapa ni vinjia. Kuna njia za waokota kuni, za wachuma chai, za waliokuwa wakilima iliki chini ya miti. Zote zinaanza pana na safi kama njia halali. Njia ya kuni utaijua kwa kugawanyika: kila mita mia inazaa matawi mawili, yanazidi kuwa membamba, hadi unajikuta mbele ya kisiki. Njia inayotunzwa ina magogo yaliyokatwa kwa msumeno pande zote mbili ili watu wapite. Ukipita dakika kumi bila kuona gogo la namna hiyo wala alama ya mtu kufyeka, rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika. Usikate msitu "kuitafuta njia mbele". Ramani ya simu pakua mapema, lakini chini ya miti mirefu na kati ya kuta za bonde kile kidoti cha buluu huweza kukosea kwa makumi ya mita, na hapa makumi ya mita ni upande mwingine wa mto.

Sasa mto. Kabla ya kukanyaga maji, tazama rangi yake kwa dakika moja nzima. Maji safi yanayoonyesha mawe ya chini, vuka. Maji ya kahawia yanayobeba majani mabichi na vijiti maana yake mvua imenyesha juu, hata kama ulipo jua linawaka, subiri. Vijito vya milimani hujaa haraka na hupungua haraka, mara nyingi saa mbili tatu zinatosha. Weka jiwe au kijiti pembeni kwenye ukingo wa maji ili ujue yanapanda au yanashuka. Maji yanayokimbia yakipita goti, usivuke. Usirukeruke juu ya mawe yaliyotokeza: yana utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, na hapo ndipo vifundo vya mikono huvunjika. Ingia majini na viatu vyako, si peku. Legeza mikanda ya begi. Elekeza uso juu mto unakotoka, fimbo mbele yako ikiwa mguu wa tatu, kisha sogea kiubavu kama kaa, mguu mmoja kwa wakati. Na usivuke kamwe juu tu ya maporomoko, hata maji yakiwa ya kifundoni.

Fimbo usiikate hifadhini, njoo nayo. Inafaa pia kwa magogo yaliyolala njiani. Gonga, tazama upande wa pili, ndipo uvuke. Nyoka wa jamii ya moma hulala kwenye majani makavu akifanana nayo kabisa, na hana tabia ya kukimbia.

Kuhusu viatu kuna ubishi usiokwisha. Gambuti zinafaa matope na siafu, na kwa njia ya kupanda zinavumilika. Kwa kushuka ni mateso: mguu unateleza ndani, vidole vinagonga mbele, kucha zinageuka nyeusi. Buti lenye soli ya meno marefu na linaloshika kifundo ndilo bora. Yeboyebo, ambazo vijana wa pale hupandia mlima wakicheka, ziache kwa wenye miguu iliyozaliwa pale. Kata kucha siku mbili kabla. Soksi za pamba zikilowa hazikauki na huleta malengelenge. Vaa za sufu au nailoni, na uchomeke suruali ndani yake. Ukiona msafara wa siafu, vuka kwa kukimbia hatua ndefu, usisimame kupiga picha.

Maji lita 3 kwa mtu. Ya mtoni yachemshe au weka vidonge vya kutibu maji na usubiri nusu saa. Msidanganywe na ubaridi na uwazi wake. Koti la mvua beba hata Januari, kwani Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi mkavu wa kweli haupo. Juni hadi Septemba, na Januari na Februari, ndiyo afadhali.

Njiani tazama juu mara moja moja. Mahali ambapo vigogo vina mizizi iliyosimama kama kuta, chini kuna kiza na vichaka vichache, upo kwenye msitu wa kale. Mwanga ukiongezeka ghafla na miti ikawa ya umri mmoja, aghalabu hiyo ni Maesopsis eminii, mti wa kuletwa, ambao hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Kwenye miamba yenye unyevu karibu na maji inama utafute ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Ndilo ambalo mbegu zake Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alizipeleka kwao mwaka 1892, na leo linaota kwenye madirisha ya Ulaya nzima. Usilichume.

Kandokando ya mashamba ya zamani, upande wa chini, kuna upupu. Ukikugusa usikune. Paka majivu au udongo mkavu, au bandika utepe wenye gundi na kuubandua, nywele zake zitoke, ndipo uoge.

Ukifika Amani viatu vitakuwa vimelowa. Usivianike karibu na moto, gundi ya soli itaachia. Toa soli ya ndani, jaza karatasi za magazeti, zibadilishe kabla ya kulala. Hata kurasa za jarida hili, zikishasomwa, zinafaa.

Msomaji wenu, Muheza