Rangi ya Injini Ikibabuka, Usikimbilie Kopo Jingine

Juzi msomaji wa Geita kanitumia picha ya injini ya Peugeot 504 yake. Rangi aliyoipiga juzijuzi imetoka malengelenge kando ya manifoldi ya eksozi, lile bomba la chuma linalopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini, na swali lake ni moja tu: "Kaka, kopo gani zuri?" Nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana swali hilo nimeliuliza mimi mara mbili, na mara zote mbili lilinitoa hela.

Yangu ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ya petroli, injini ya cc 2286. Baba aliinunua mnadani ikiwa imechoka kubebeshwa pamba. Nilishusha injini, nikaisugua wiki nzima kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikaipiga bluu. Jamani, ilipendeza! Jumamosi tukakutana wenye magari ya zamani Capripoint, hapa Mwanza, ila mimi nikapandisha kwanza mlima wa Bugando, makusudi, watu wasikie mngurumo.

Nafungua boneti kwa madaha, ikanipiga harufu ya kuungua. Upande wa manifoldi rangi ilikuwa imefura kama uji unaokaribia kuchemka. Mzee mmoja akainama, akatazama taratibu, akasema: "Mwanangu, gari lako lina tetekuwanga." Hadi leo kuna watu wakiniona Kirumba wananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Fundi wangu akaapa kwamba rangi ni feki. Nikanunua ya bei mbaya zaidi, nikarudia kila kitu. Wiki tatu, ikababuka palepale.

Palepale! Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Wengine walisingizia rejeta, lakini hebu piga hesabu. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji huku inachemka kwenye nyuzi kama 96. Kwenye rejeta mfuniko unayabana maji, basi yanapanda kidogo zaidi, lakini rangi nzuri ya injini inavumilia hadi nyuzi 260 hivi. Maji hayawezi kuibabua. Kinachoibabua ni moshi.

Asubuhi moja nikawasha injini ikiwa baridi, nikasikia tik-tik-tik. Ilipopata moto, sauti ikapotea, chuma kimetanuka kikaziba. Nikapitisha kidole ukingoni mwa gasketi ya manifoldi, kile kizibo chembamba kati yake na injini, kikatoka cheusi kwa masizi. Gasketi ilikuwa inapuliza moto juu ya rangi yangu kama jiko la gesi. Tukafungua, kumbe manifoldi yenyewe imepinda. Ikabidi isagwe uso ulale sawa. Na taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli? Fundi yuleyule alikuwa ameichelewesha ili injini isigonge, kwa hiyo petroli inamalizia kuungua ikiwa tayari inaelekea kwenye eksozi. Sikumfokea. Nilihama gereji tu.

Kwa hiyo ndugu zangu, tafuteni moto unatoka wapi kwanza. Gasketi, taimingi, kabureta inayobania petroli. Rangi baadaye. Narudia, rangi baadaye.

Na manifoldi usiipake rangi ya bloku, yaani ya mwili wa injini. Ina rangi yake, ya kufika nyuzi 650, na hiyo haikomai bila kupikwa. Ukiigusa mbichi kwa kitambaa chenye petroli inafutika yote. Mimi nilitaka tanuri la mama mmoja anayeoka mikate Igoma, akanifukuza, na alikuwa na haki. Nikatumia mkaa ndani ya pipa, nikapima kwa kile kipimajoto cha kulenga watu usoni enzi za Korona. Kikaandika "Hi" kikagoma. Mwishowe nikaifunga kwenye gari na kuipika kwa injini yenyewe: iache ingurume dakika kumi bila kukanyaga mafuta, izime, ipoe kabisa, rudia, kisha safari fupi. Ila kabla ya kuipaka, safisha chuma kwa thina, usiguse kwa mkono mtupu, piga tabaka nyembamba. Na usichelewe, upepo wa ziwa unaleta kutu usiku mmoja.

Ndugu wa Geita, kesho alfajiri usiwashe redio. Washa injini, sikiliza. Halafu nitumie picha ya gasketi.

Yule mzee wa tetekuwanga nilimfungulia boneti tena mwezi uliopita. Alitazama kwa muda mrefu sana, akasema bluu imekolea kupita kiasi.