Usile kipande cha pili: kwa mleta uzi anayekwenda Denver

Mkuu, hicho kipande cha pili usikile. Umesema wiki ijayo unakwenda Denver, jimbo la Colorado huko Marekani, kwa kaka yako, nyumba yenye watoto wadogo, na unataka kujaribu vipipi vya bangi kwa mara ya kwanza. Umeuliza ule kabla ya msosi au baada, uchague aina ya sativa au indica, bei zikoje, na mtu afanyeje asishikwe na hofu. Halafu chini kabisa umeandika kwamba mshkaji wako amekwambia: "Ukikaa nusu saa hujasikia kitu, ongeza." Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2019, mji huohuo.

Nilikwenda kwenye mahafali ya mpwa wangu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe dada alipika pilau, wageni wakajaa sebuleni, na akaja jamaa niliyesoma naye sekondari ambaye ameishi kule miaka mingi. Akatoa pakiti. Ndani mna vipande 10 vya jeli vya mraba, kila kimoja kimegongwa alama yenye umbo la uru la karata, imeandikwa THC, yaani ile kemikali ya bangi inayolewesha, na alama ya mshangao. Kipande kimoja miligramu 10, pakiti nzima 100. Ndiyo kiwango cha juu kwa sheria ya Colorado. Ladha ya tikiti maji. Mtoto akiviona anamaliza vyote.

Nilikula kimoja saa moja na robo usiku, tumbo limeshiba pilau. Saa mbili kasorobo niko vilevile, nabishana habari za mpira. Jamaa akaniambia, "Mtu mzima wewe, umevuta tangu sekondari, kimoja kitakufanya nini? Ongeza." Nikala viwili. Saa mbili na nusu akanisogezea cha nne. Miligramu 40 ndani ya saa moja na robo, kwa mtu aliyezoea kuvuta lakini hajawahi kuila bangi maishani.

Ukivuta, THC inapitia mapafuni na dakika chache tu iko kichwani. Unajua umefika wapi, unaweka msokoto chini. Ukila, inapita tumboni, inapita utumbo, inafika kwenye ini, na ini linageuza sehemu yake kuwa kitu kingine kinachoitwa 11-hidroksi-THC, ambacho kinaingia kwenye ubongo kwa urahisi na kinalewesha vibaya. Safari hiyo inachukua nusu saa mpaka saa mbili, na mtu aliyeshiba huchelewa zaidi. Kilele kinakuja saa mbili mpaka nne baada ya kula, na stimu yenyewe inaweza kukaa saa nane na kupita. Kwa hiyo niliposema sijasikia kitu, kipande cha kwanza kilikuwa bado kiko njiani. Vitatu vilivyofuata vilipanga foleni nyuma yake.

Vilifika kama saa tatu. Naikumbuka kwa sababu nilikuwa natazama namba za kijani za saa ya jiko la umeme. Nikakaa kile nilichodhani ni nusu saa, nikatazama tena, imepita dakika moja. Moyo ulidunda mpaka nikawa nauona kwenye shati. Nikaingia bafuni nikalala kwenye vigae, shavu chini, kwa sababu palikuwa na ubaridi. Nje kikapita king'ora. Wakazi wa Colorado walipiga kura ya kuhalalisha mwaka 2012 na maduka yakaanza kuuza Januari 2014, hayo nilikuwa nayajua vizuri. Lakini mimi nimekulia Tanzania, ambako bangi ni kesi, na mwili uliolala pale chini ulikuwa wa Tanzania. Nikaamini wananifuata mimi, na dada atafukuzwa nchini kwa ajili yangu. Sebuleni watu wakacheka, nikajua wananicheka mimi. Kumbe walikuwa wanatazama video ya harusi.

Ndiyo maana mtu akisema bangi ni bangi popote pale, namkatalia. Norman Zinberg, daktari wa akili wa Harvard, aliandika mwaka 1984 kwamba mtu anavyolewa hutegemea dawa yenyewe, hali ya huyo anayetumia, na mahali alipo na watu alio nao. Nililiona hilo usiku huohuo. Dada alinikuta pale chini akaita gari la wagonjwa, na hospitalini nesi akanipima moyo, akapunguza taa, akanifunika blanketi, akaniambia polepole kwamba amewaona wengi wa namna yangu na itapita. Hofu ilishuka nusu palepale, na THC ilikuwa bado imejaa mwilini.

Tulitoka saa 11 alfajiri. Bili ilikuja dola 2,300, nikailipa kidogokidogo mwaka mzima, imeisha. Mahafali ndiyo hayajaisha. Yalikuwa saa tatu asubuhi, mimi siwezi kusimama, dada akaogopa kuniacha peke yangu. Mpwa akapita jukwaani na joho lake, viti viwili alivyotushikia viko vitupu. Maua ambayo dada alimnunulia mwanawe yalibaki kwenye ndoo pembeni ya sinki, bado yana karatasi ya dukani. Niliyaona nilipoamka mchana kwenda kunywa maji.

Yule jamaa nilipompigia alinijibu, "Ulizidisha mwenyewe." Yeye, aliyenisogezea cha nne kwa mkono wake! Mpaka leo hajampigia dada kumwomba radhi. Mtu wa aina hiyo anakula kila siku, mwili wake umeshazoea, halafu anakupimia kwa kipimo chake. Wala si washamba peke yetu. Maureen Dowd, mwandishi wa New York Times, mwaka 2014 alimega chokoleti ya bangi hotelini Denver, hakusikia kitu, akamega tena. Alijikunja kitandani kwa muda wa saa nane.

Kwa hiyo kipande kimoja kikate mara nne. Kula robo, miligramu 2.5, halafu usiguse tena mpaka kesho. Hujasikia kitu baada ya saa mbili, subiri kesho. Wenzako wanakucheka, subiri kesho. Kama umekunywa bia siku hiyo usile kabisa, pombe inapandisha THC kwenye damu. Na kama kwenu kuna ndugu wa damu aliyewahi kurukwa na akili, jambo hili liache moja kwa moja, nakuomba.

Kaka yako mwambie kabla hujala. Vipande vinavyobaki avifungie kabatini na ufunguo akae nao yeye, maana kuna watoto, na wewe mwenyewe ikifika saa mbili usiku utavitaka. Saa uliyokula iandike kwenye karatasi, uiweke karibu na saa ya ukutani. Ukija kudhani umekaa nusu saa, soma vyote viwili.