Msaidizi wa utafiti, idara ya saikolojia Moshi: kabla mdogo wako hajasaini

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza digrii ya saikolojia mwaka jana achukue mkataba wa miezi sita wa usaidizi wa utafiti chuoni Moshi, au aendelee kukaa nyumbani akisubiri nafasi za Utumishi, yaani ajira za serikali. Wengi hapo juu wamejibu habari ya hela. Mimi kazi hiyo nimeifanya miaka mitatu, Moshi hapohapo, katika idara ya saikolojia ya chuo ambacho jina lake nalihifadhi. Hela nitaifikia, ila naomba nianze na mengine.

Kwanza aifute kichwani ile picha ya ofisi tulivu, yeye na mgonjwa wake wanaongea taratibu. Mwezi wangu wa kwanza sikumhoji mtu hata mmoja. Nilibeba barua. Utafiti wa namna ile unadai kibali cha maadili cha chuo na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na cha NIMR ni cha mwaka mmoja, ukiisha mnaomba kuongezewa. Vibali vikitoka, safari ya barua ndiyo inaanza. Kwa Katibu Tawala wa Mkoa unapewa barua ya wilayani, wilayani wanakupa ya kata, mtendaji wa kata anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji, naye anakutafutia mwenyekiti wa kitongoji wa kukutembeza nyumba kwa nyumba. Kila ofisi ina muhuri wake, na mwenye muhuri yuko msibani. Uchagani misiba haikosi, na mtendaji asiyezika na wananchi wake hafiki mbali. Nilichojifunza ni kwenda asubuhi mapema na kopi za kutosha, maana kila meza inabaki na nakala yake.

Baada ya hapo ni dodoso. Letu kubwa lilikuwa PHQ-9, ambalo mdogo wako atakuwa amelisoma darasani: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na ukifika 10 unaanza kuangaliwa kwa karibu kuhusu sonona. Lilitengenezwa Marekani, likatoka mwaka 2001. Darasani ni ukurasa mmoja. Kule mgombani ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba nikae kidogo.

Swali la tisa linahusu kufikiria kwamba bora ufe, au kutaka kujiumiza. Tafsiri tuliyoanza nayo ilisema "mawazo kwamba ni afadhali ufe". Sasa wewe ni Mswahili, unajua "mawazo" ni nini. Mtu akikwambia "nina mawazo" hamaanishi fikra, anamaanisha moyo wake umelemewa.

Wiki yangu ya pili uwandani nilikuwa Uru, nimekaa kwenye kigoda na mama mmoja anayemenya ndizi mshare, mikono imeshakuwa myeusi kwa utomvu. Nikasoma swali zima kama lilivyoandikwa. Yeye akasikia neno moja tu. "Mawazo? Mwanangu, ninayo kila siku." Nikabonyeza 3. Utaratibu wa mradi ulikuwa kwamba jibu lolote zaidi ya sifuri kwenye swali hilo, unasimamisha mahojiano na kumpigia msimamizi. Nikapiga, sauti inatetemeka. Baada ya muda muuguzi wa mradi akapanda na bodaboda, akakaa naye, akamuuliza kwa maneno yake. Mama akacheka mpaka akaweka kisu chini. Ilikuwa Januari, ana watoto wawili wa bweni. "Nife? Halafu ada alipe nani?"

Ofisini tulikubaliana tafsiri ibadilike. Usidhani ni kufuta neno na kuandika jingine. Inatafsiriwa upya, mtu mwingine ambaye hajaona Kiingereza cha awali anairudisha kwenye Kiingereza, zinalinganishwa, watu wachache wanajaribiwa, kisha inarudi kwenye kamati ya maadili. Neno moja lilikula wiki kadhaa.

Katika wiki hizo mimi nikaharibu kwa upande wa pili. Niliona aibu ya Uru isinirudie, nikaanza kulifafanua swali kwa akili yangu. Nikifika la tisa nasema, "Hapa siulizi habari ya ada, mama, ni yale mambo mabaya ya kujidhuru, wewe huna hayo, eti?" Unaiona hiyo "eti"? Nani atajibu anayo? Msimamizi wetu ndiye aliyegundua. Fomu zangu zote za wiki mbili swali la tisa lilikuwa sifuri, wakati wenzangu kwenye kata zilezile walikuwa na majibu mchanganyiko. Akasikiliza sauti nilizorekodi, akaniita. Hakugomba. Alisema tu, "Mdogo wangu, unawajibia." Fomu zile ziliwekwa pembeni, nikarudia mafunzo na wageni kana kwamba nimeajiriwa jana. Nililia chooni, sitakuficha.

Basi miezi miwili baadaye, mtaa wa pembezoni mwa mji, nikamhoji mwanamume wa makamo. Maswali yote 9, "hapana kabisa". Alijibu harakaharaka, kama mtu anayejaza fomu ya benki. Nikashukuru, nikafunga kishikwambi, akainuka kunisindikiza. Tulipofika kwenye ua wa masale, bodaboda wangu ameshawasha pikipiki, akasimama. Akang'oa jani la sale, akawa analichana nyuzi nyembamba, hanitazami.

"Dada, lile swali la mwisho. Ungelirudia."

Nikamwambia bodaboda azime. Nikalisoma kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, bila "eti". Safari hii jibu halikuwa hapana.

Wanaume wengi hawalijibu swali hilo mara ya kwanza, na sababu si ugumu wa moyo peke yake. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Anakuja mgeni na kifaa kinachorekodi, barua ina muhuri wa serikali, mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyemleta. Wewe ungejibu? Ndiyo maana fomu ya ridhaa lazima isomwe polepole pale mwanzoni, pamoja na kile kipengele kinachosema siri yako tutaitunza, isipokuwa tukiona maisha yako yako hatarini tutamwambia mhudumu wa afya. Kuna vijana wanakiruka ili kuokoa muda. Wakikiruka, siku ya kumwita muuguzi wanakuwa wamemsaliti mtu.

Nilichofanya siku ile ni kile tu nilichofundishwa: usimwache peke yake, usihubiri, usiahidi, piga simu. Digrii yangu ya saikolojia ilikuwa inaniwasha niseme kitu. Sikusema. Tulirudi tukakaa kwenye benchi, tukaongea habari za kahawa na bei yake mpaka muuguzi alipofika. Yaliyofuata ni ya kwake, si yangu kuyasimulia. Siku hiyo nilihoji mtu mmoja, na lengo letu lilikuwa sita.

Hilo la lengo la sita ndilo linalozaa kupika data. Utalisikia mapema, tena kwa utani: "Leo mvua, tupike." Mwenzetu mmoja alipika kweli. Alikaa kwenye baa moja kuanzia saa nne, akajaza kaya nzima nzima kichwani mwake. Alichosahau ni kwamba kishikwambi kinaandika saa ya kuanza na kumaliza, na mahali ulipo. Kwenye ramani kaya zake zote zilikuwa nukta moja, kila mahojiano dakika nane. Aliondoka wiki hiyohiyo. Namlaumu, lakini nawalaumu zaidi waliopanga lengo la sita wakiwa wamekaa mjini bila kupanda kilima cha Kibosho wakati wa masika.

Mambo madogo ambayo hakuna atakayemfundisha: "wiki mbili zilizopita" kwa bibi wa miaka themanini si kitu. Muulize tangu soko lile la juzi na lililopita, atakuhesabia vizuri kuliko wewe. Shikamoo kwanza, na "shimbonyi" ukiweza, hata kama Kichaga chako kinaishia hapo. Ukiletewa ndizi au kikombe cha maziwa, kaa ule, dodoso halikimbii. Mbege, ile pombe ya ndizi, sema unakunywa dawa, wataelewa, ingawa watacheka.

Kichaga chenyewe kisimdanganye. Mimi ni Mmachame na nilidhani ndiyo turufu yangu. Siku nilipokaa na bibi wa Rombo niliishia kutabasamu tu, tukaomba mjukuu atafsiri, halafu tukagundua kwamba mbele ya mjukuu bibi hawezi kujibu maswali yale. Tukarudi siku nyingine na mwenzetu wa hukohuko.

Na kuna kunukuu sauti, yaani kuandika neno kwa neno yale uliyorekodi. Mahojiano ya saa moja yanaweza kukula siku nzima ya kazi, spika za masikioni zimekubana, unarudisha nyuma sekunde tano mara kumi kwa sababu jogoo amewika juu ya neno muhimu. Hapa watu wengi huacha kazi. Mimi ndipo nilipoipenda. Unasikia mahali mtu alipomeza mate, mahali ulipomkatiza, mahali ambapo angesema jambo kama ungenyamaza sekunde mbili zaidi. Nilijisikia mwenyewe kwenye rekodi nikimkatiza mama wa watu mara nne ndani ya dakika moja. Hakuna mhadhara uliowahi kunifunza hivyo.

Sasa hela. Mikataba hii mara nyingi ni ya mradi, si ya chuo, kwa hiyo aulize mapema: kuna NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, au wanamkata kodi ya zuio ya asilimia 5 kama mtoa huduma na kumwacha ajitegemee? Nauli ya kupanda kijijini inalipwa kabla au anarudishiwa? Mradi mmoja ulinikalisha miezi miwili bila malipo kwa sababu fungu la wafadhili lilichelewa, na kodi ya chumba Pasua haingojei wafadhili. Awe na akiba ya miezi miwili, au awe na ndugu Moshi.

Aulize pia habari ya jina lake kwenye makala zitakazochapishwa. Kukusanya data peke yake, kwa taratibu ambazo majarida mengi ya tiba yanafuata, hakukupi uandishi. Lazima ushiriki pia kuandika au kuhariri andiko, uidhinishe toleo la mwisho na ukubali kuwajibika nalo. Mimi sikulijua hilo, nikangoja jina langu mwaka mzima, nikalikuta kwenye shukrani, tena wamekosea herufi. Aombe mapema kuandika hata sehemu ya mbinu za utafiti. Wakubwa wengi hawakatai, wanasahau tu.

Kwa hiyo jibu langu ni aende, kwa sharti moja. Siku ya usaili, wakimaliza kumuuliza, naye aulize: swali la tisa likijibiwa ndiyo saa kumi na moja jioni, kijijini, mtandao unasumbua, nampigia nani? Wakimtajia mtu na namba yake, na namba ya pili kama ya kwanza haipatikani, asaini. Wakimwambia "hilo tutaliangalia", bora aendelee kusubiri Utumishi.

Mabuti ya mvua anunue Mbuyuni, vile viatu vyake vya mahafali aviache nyumbani.