Maswali Yenu: "Ada Nimelipa, Komunyo Inazuiliwaje?"

Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa somo la dini, Mwanza

SWALI: Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Buswelu. Wa kwanza yuko darasa la nne kwenye shule ya msingi ya Kanisa hapa mjini. Nalipa ada, nalipa basi, na kila muhula ukianza napeleka rimu, ndoo na fagio la chelewa. Wana sala ya asubuhi, wana vipindi vya dini, wana misa kila Ijumaa. Mwezi uliopita parokiani nikaambiwa hayumo kwenye orodha ya Komunyo ya Kwanza kwa sababu hakuhudhuria mafundisho ya Jumamosi, na sisi hatuonekani jumuiyani, kwenye sala za majirani Wakatoliki. Papa Pio wa Kumi aliruhusu watoto wa miaka 7 tangu mwaka 1910. Wangu ana miaka 10. Sasa hapo shuleni nalipia dini gani? (Mimi na mama yake bado hatujafunga ndoa, lakini sidhani kama hilo linahusika.)

JIBU: Milele amina, baba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe. Mara ya pili nikayaona hayo mabano. Nitayarudia.

Nianze na Papa, maana umemtaja kwa haki. Tamko la tarehe 8 Agosti 1910 liliwafungulia watoto mlango mara wanapofikia umri wa kupambanua mambo, yaani kwenye miaka 7 hivi. Kabla ya hapo wengi walingojeshwa mpaka 12, wengine zaidi. Ila tamko hilohilo, ukilisoma mpaka chini, linasema wa kumpeleka mtoto kwenye Komunyo yake ya kwanza ni baba yake, au anayeshika nafasi ya baba, pamoja na padre anayemwungamisha. Shule haikutangulizwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimelirudia jambo hilo katika kanuni ya 914: kumwandaa mtoto ni wajibu wa wazazi kwanza, na wa paroko. Kwa hiyo Papa uliyemwita awe shahidi wako amekugeukia, pole.

Ada unayolipa inanunua nini, basi? Inanunua mwalimu kama nilivyokuwa mimi. Niliweza kumfundisha mtoto Nasadiki, Amri za Mungu, na namna ya kutubu bila kujificha nyuma ya kaka yake. Niliweza kumpa mtihani akapata tisini. Sikuweza kujua kama nyumbani kwake sahani ya ugali inaombewa au inavamiwa.

Hilo nilitaka kulijua, nikalijua vibaya. Miaka ile nilikuwa nafundisha shule moja ya ufukweni, upande wa Igombe na Kayenze, ambako nusu ya darasa baba zao ni wavuvi wa dagaa. Nikabuni "daftari la sala". Kila jioni mzazi akishasali na mtoto anatia sahihi, Jumatatu mimi nakagua kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa na mvulana mmoja, kimya, shati limefifia mabegani kwa kubeba ndoo za maji ya ziwani. Daftari lake lilikuwa na wiki mbili na zaidi tupu, kisha sahihi kama kumi mfululizo, kisha tupu tena. Mwezi uliofuata, vilevile. Nikasema huyu anagushi sahihi za siku nyingi kwa mkupuo. Nikamwita baba.

Akaja na buti za mpira, ananukia dagaa. Akalitazama daftari, akacheka. "Mwalimu, mimi nasali kwa mwezi." Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikaza taa hazina kazi, mitumbwi inapandishwa mwaloni, wanaume wanarudi nyumbani. Zile sahihi kumi zilikuwa siku za mbalamwezi. Ningefunua kalenda ningeziona.

"Na siku za giza je?" nikauliza, bado na ukali wangu. Akasema siku hizo mtoto anasali na bibi yake kila usiku, rozari nzima. Bibi hajui kuandika. Na mimi kwenye daftari langu zuri sikuwa nimeacha nafasi ya dole gumba.

Nakueleza haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, kadi ya mahudhurio ya katekista wako, yule mwalimu wa mafundisho ya Jumamosi, nayo ni daftari kama langu, na inaweza kukosea. Usimwandikie gazetini. Nenda kamwone, Jumamosi asubuhi kabla hajaanza, ukiwa na barua ya mwalimu wa dini wa shule inayoonyesha mtoto amefundishwa nini. Kama Jumamosi shule ina masomo ya ziada, na nadhani ndicho kilichotokea kwako, sema hivyo waziwazi. Zipo parokia zinazokubali mafundisho yafanyike shuleni, paroko akampima mtoto mwenyewe mwishoni. Ila ni lazima mtu aombe, na aombe mwanzo wa mwaka. Kusubiri orodha ibandikwe ukutani ni kuchelewa.

Ya pili ni kwamba yule mvuvi, pamoja na giza lake lote, alikuwa anajulikana jumuiyani. Wewe uko Buswelu penye taa za umeme. Jumuiya yako inasali nyumba ya tatu kutoka kwako, nina hakika unawasikia wakiimba. Mbona huendi?

Nadhani sababu ni ile uliyoifungia kwenye mabano. Umeogopa kuulizwa habari ya ndoa mbele za watu. Naomba unisikilize: kanuni ya 913 inapoeleza masharti ya Komunyo ya Kwanza inamtazama mtoto. Awe na maarifa ya kutosha, ameandaliwa vizuri, aielewe Ekaristi kwa kadiri ya uwezo wake. Haidai cheti cha ndoa cha baba yake. Wapo wazee wa jumuiya wenye midomo mirefu, nawajua, nimekaa nao. Lakini hakuna aliyepewa mamlaka ya kumzuilia mtoto sakramenti kwa sababu ninyi hamjaenda kanisani. Mambo ya ndoa mtayapeleka kwa paroko, ninyi wawili, kwa wakati wake, na mtashangaa jinsi foleni ya wenzenu ilivyo ndefu.

Na mtoto akiongezewa mwaka, asilie sana. Wazee wa Bukumbi, huku kwetu Mwanza, pale wamisionari walioitwa Mapadre Weupe walipofungua misheni mwaka 1883, walijifunza miaka minne kabla ya kubatizwa. Ndivyo mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alivyoagiza.

SWALI: Asalaam aleikum, Mwalimu. Sisi ni Waislamu, tunaishi Mabatini. Binti yetu yuko darasa la tatu shule ya masista. Tulimpeleka kwa ajili ya nidhamu na masomo. Siku hizi anaimba Salamu Maria akiosha vyombo, na sasa amechaguliwa kwenye igizo la tarehe 3 Juni. Baba yake amenuna. Je, wanaweza kumbatiza bila sisi kujua?

JIBU: Waaleikum salaam, mama yangu. Baba mwambie anune taratibu.

Kuhusu kubatizwa, kanuni ya 868 inataka mzazi, angalau mmoja, akubali, na pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika dini hiyo. Kanuni ya 748 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuingia Ukatoliki. Na juu ya sheria za Kanisa kuna Katiba ya nchi, ibara ya 19. Mtoto hawezi kwenda kucheza kombolela akarudi amebatizwa.

Lakini kuimba, hilo ataimba. Watoto wa umri huo wanaimba hata matangazo ya sabuni. Nilikuwa na msichana wa Kiislamu darasani aliyehesabu rozari bila shanga, kwa vifundo vya vidole, na hakuwahi kukosea. Wakatoliki wangu walikuwa wanapotea kwenye Salamu Maria ya saba. Nilipomuuliza kajifunzia wapi, akasema kwa babu yake, kwenye tasbihi.

Sasa igizo. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, vijana wa jumba la Mwanga, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe hiyo mwaka 1886, na Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kama 14. Shule nyingi za Kanisa kandokando ya ziwa zinaigiza kisa hicho, maana mapadre wa kwanza waliokwenda Uganda mwaka 1879 walipandia mitumbwi Kageye, huku kwetu Magu. Ugomvi wa kila mwaka ni nani awe Mwanga, kwa kuwa Mwanga anakalia kiti cha mwalimu mkuu. Mimi nilipenda kuwamalizia watoto na kipande ambacho igizo huwa linakiruka: mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa, na waliompokea hatimaye ni mapadre wa Bukumbi. Hapo darasa lilikuwa linanyamaza kabisa. Mtoto mmoja aliwahi kuuliza, "Walimpa na chakula?"

Na kipo kingine ambacho baba yake huenda hajakisikia. Kama miaka kumi kabla ya Lwanga, wakati wa Kabaka Mutesa, vijana Waislamu wa jumba hilohilo waliuawa kwa kuishika dini yao. Mwambieni mwalimu wa igizo akitaje. Mimi sikuwa nakitaja, hadi mzazi mmoja wa Kiislamu aliponieleza getini, na niliona haya.

Kama kuigiza kunafaa kwa Mwislamu au hakufai, hilo si langu, muulizeni shehe wenu. Akisema hapana, andikeni barua fupi shuleni, masista watampa kazi ya kupanga mavazi na hakuna atakayeumia. Andikeni pia, kama hamkuandika siku ya kujiandikisha, kwamba mtoto ni Mwislamu, siku zake za chuo cha Kurani ni zipi, na kwamba wakati wa misa atakaa kwenye benchi wenzake wakienda kukomunika. Mkikaa kimya, mwalimu mgeni hatajua. Atamwona mtoto anayeimba vizuri, basi.

SWALI: Shule imewaagiza watoto waje na matawi makavu kabla ya Jumatano ya Majivu. Ni ya nini, na tukikosa je? (Mama wa darasa la pili, Nyegezi)

JIBU: Ni yale ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana. Yanachomwa, na majivu yake ndiyo mtakayopakwa kwenye paji la uso. Tazama juu ya mlango au nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, kama hamjahama nyumba yapo. Mkikosa msikate ukindu mbichi leo, unatoa moshi tu. Mtoto aende mikono mitupu, ya wenzake yatatosha. Na mkiyapata, toeni kwanza zile riboni za nailoni mlizofungia. Mwaka mmoja hatukuzitoa, majivu yakanata kama lami, na darasa la kwanza zima lilikaa na msalaba usoni mpaka Ijumaa.