Mimi nasema Kasigau

Mhariri umeuliza kama mtu atapanda mlima mmoja tu maishani apande upi, naona wenzangu wamejaza Longonot na Mlima Kenya, wengine wameshavuka mpaka wako Kilimanjaro, sawa, lakini mimi kura yangu ni Kasigau, huko kwetu Taita Taveta. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Voi ukifika Maungu tazama kulia, utauona umesimama peke yake katikati ya nyika. Mabasi yanaupita usiku na mchana, abiria wote wako kwa simu.

Mrefu sana sio, mita 1,641 tu, ila usiudharau, ni mwinuko juu ya mwinuko. Chini huku ni miiba na lile joto la Tsavo, shati linalowa hata hujaanza kupanda vizuri, halafu ukizidi kwenda juu baridi inaanza, unaingia msitu mzito wa ukungu, miti imeota manyoya ya kijani mpaka matawini na majani yanadondosha maji na mvua haijanyesha. Maji ya huko ndiyo yanashuka kwa mabomba mpaka vijijini, kwa hiyo ukionekana na panga msituni utajieleza vizuri.

Lakini hasa ni historia, na hii shuleni mimi sikuisikia. Vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakaushika Kasigau, walichokuwa wanakiwinda ni reli ya Mombasa. Sasa Waingereza wakasema wenyeji ndio wamewaonyesha adui njia, basi 1915 wakawabeba Wakasigau, wazee kwa watoto, wakaenda kuwatupa Malindi. Fikiria mtu aliyezoea baridi ya mlimani anapelekwa kwa mbu wa pwani, shamba hana. Wengi walikufa huko kwa malaria na njaa, na walionusurika walikuja kurudi miaka ya 1930, yaani mtoto aliyeondoka amebebwa mgongoni alirudi mtu mzima.

Kwa hiyo usiende mbio mbio upige selfie kileleni ushuke. Lala Rukanga au Bungule, vijiji vya hapo chini ya mlima, tafuta kijana wa pale akuongoze (mlipe vizuri jamani, msianze kubageini), na jioni ukae na wazee uwaulize habari za Malindi. Mlimani anza alfajiri kabla jua halijawaka, na viatu viwe vya kushika, kushuka ndiko kunakomaliza magoti.